Ganzi ya Miguu, Upungufu wa Vitamini na Picha ya MRI Inayochelewa

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mtu anapoanza kulalamika kwamba nyayo zinamwaka moto usiku, kwamba kandambili humtoka mguuni bila yeye kujua, au kwamba akifumba macho kunawa uso asubuhi huyumba na kutaka kuanguka, majibu anayoyapata nyumbani na mtaani huwa hayatofautiani sana. Ataambiwa ni uzee, ni baridi, ni sukari, na wapo watakaomnong'oneza kuwa ametupiwa jambo. Sababu moja haitajwi mara nyingi, ingawa inatibika kwa gharama ndogo ikiwahiwa: upungufu wa vitamini, hususan vitamini B12.

Katika miaka ya karibuni huduma za uchunguzi kwa picha zimesogea karibu na wananchi. Mashine za CT-Scan zimefika hadi katika hospitali za rufaa za mikoa, na MRI, ambayo zamani ilimlazimu mgonjwa wa mikoani kusafiri hadi Dar es Salaam, sasa ipo pia katika hospitali nyingine kubwa. Hatua hiyo imeleta faida kubwa, lakini imezaa pia dhana isiyo sahihi kwamba ugonjwa usioonekana kwenye picha haupo. Kwa maradhi ya mfumo wa fahamu yatokanayo na upungufu wa vitamini, dhana hiyo inaweza kumgharimu mgonjwa miguu yake au kumbukumbu zake. Sababu ni kwamba katika maradhi haya picha huonesha madhara yaliyokwisha kutokea, na wakati mwingine haioneshi kitu kabisa hali mgonjwa anaendelea kuharibika.

Ili kulielewa jambo hili, ni vema kuanza na mshipa wa fahamu wenyewe. Mishipa mingi ya fahamu imefunikwa kwa ala laini yenye mafuta iitwayo mayelini, inayofanya kazi inayokaribiana na ile ya plastiki juu ya waya wa umeme: huufanya ujumbe usafiri haraka bila kupotea njiani. Mwili huhitaji vitamini B12 ili kuijenga na kuitunza ala hiyo, na huihitaji vilevile katika kutengeneza chembechembe nyekundu za damu. Ndiyo maana upungufu wake huweza kujitokeza kwa sura mbili, upungufu wa damu na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na si lazima sura hizo mbili zije pamoja. Mgonjwa anaweza kuwa na wingi wa damu wa kawaida kabisa huku uti wake wa mgongo ukiharibika.

Mwaka 1900 madaktari watatu wa Uingereza, Russell, Batten na Collier, waliueleza ugonjwa huu wa uti wa mgongo kwa kina na kuupa jina linalotumika hadi leo katika vitabu vya tiba. Wakati huo hakuna aliyejua kisababishi chake, na wagonjwa walioupata pamoja na upungufu sugu wa damu walikufa. Mwanga wa kwanza ulipatikana mwaka 1926, pale Minot na Murphy wa Marekani walipoonesha kwamba wagonjwa waliolishwa maini kwa wingi walipona upungufu wao wa damu. Wao pamoja na mwenzao Whipple walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1934. Kilichokuwamo ndani ya maini kilitambuliwa na kutenganishwa mwaka 1948, nacho ndicho vitamini B12.

Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 2.4 tu za vitamini hii kwa siku, na mwili wa mtu mwenye afya huhifadhi miligramu 2 hadi 5, akiba inayoweza kutosha kwa miaka kadhaa. Hapo ndipo ulipo mtego. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kuondolewa tumbo la chakula anaweza kuishi miaka mitatu au zaidi bila dalili yoyote. Akiba inapokwisha ganzi ikaanza, si yeye wala ndugu zake wanaokumbuka kuihusisha ganzi hiyo na upasuaji wa zamani.

Sehemu ya uti wa mgongo inayoathirika zaidi ni ile ya nyuma, inayopeleka kwenye ubongo taarifa za mtetemo na za mahali viungo vilipo. Ni kwa taarifa hizo tunajua mguu umekanyaga wapi hata gizani. Zikikatika, mgonjwa hutembea kwa kutegemea macho yake. Mchana atatembea vizuri kiasi, usiku atajikwaa. Baadaye njia za pembeni za uti wa mgongo nazo huathirika, miguu ikakakamaa na kukosa nguvu. Kwa baadhi ya wagonjwa huongezeka usahaulifu, hasira zisizo na sababu au kuona kuliko hafifu.

Sasa tuitazame picha. MRI haitumii mionzi ya eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu kubwa pamoja na mawimbi ya redio, na kwa sehemu kubwa hupima hali ya maji yaliyomo katika tishu za mwili. Katika aina moja ya picha zake, mahali penye maji mengi hung'aa kwa weupe. Mayelini inapovimba na kuharibika, maji huongezeka mahali hapo, na uti wa mgongo ambao kwa kawaida ungeonekana kijivu huanza kuonesha mstari mweupe upande wake wa nyuma, mara nyingi katika eneo la shingo na la kifua. Uti huo ukionekana kama umekatwa kwa upana, mithili ya kipande cha muhogo, weupe huo hujipanga pande zote mbili kwa ulinganifu na kufanya umbo la herufi V iliyopinduliwa. Msomaji anaweza kulifikiria kama paa la nyumba linavyoonekana kwa mbele. Kwa daktari bingwa wa radiolojia, paa hilo dogo jeupe ni ishara inayomfanya aulize mara moja kuhusu vitamini B12.

Ishara hiyo haitoshi kutoa hukumu, hata hivyo. Upungufu wa madini ya shaba unaweza kuleta picha inayofanana na hiyo, na athari za Virusi vya UKIMWI katika uti wa mgongo nazo zinaweza kuikaribia. Picha humwambia daktari ni wapi pameharibika, nayo damu na historia ya mgonjwa humweleza kwa nini. Na kuna upande wa pili ulio muhimu zaidi kwa mwananchi: wagonjwa wengi wenye upungufu wa B12 uliothibitishwa, wenye ganzi ya kweli, hupigwa MRI na majibu yakarudi hayana kasoro, hasa mwanzoni mwa ugonjwa. Majibu ya namna hiyo hayamtoi mgonjwa katika hatari.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini basi mgonjwa apigwe MRI? Sababu kubwa ni kuondoa shaka ya maradhi mengine yanayobana uti wa mgongo, kama vile kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, uvimbe au pingili iliyohama, ambayo baadhi yake huhitaji upasuaji wa haraka. Kwa kazi hiyo MRI haina mpinzani. Lakini kwa kuutambua upungufu wa B12 wenyewe, kifaa kilicho karibu zaidi ni kile kichuma chenye meno mawili ambacho daktari hukigonga na kukiweka kwenye kifundo cha mguu, akimuuliza mgonjwa kama anahisi mtetemo. Kipimo hicho huchukua dakika moja, hakihitaji umeme, na kinaweza kufanyika katika zahanati ya kijijini. Kwa maoni ya mwandishi, kinastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Matibabu yake ni sindano za vitamini B12, kwa kawaida za mikrogramu 1,000, zinazotolewa kwa ukaribu mwanzoni, kisha kwa miezi kadhaa kati ya sindano moja na nyingine. Asiyeweza tena kuifyonza vitamini hii kutoka katika chakula huendelea na tiba maisha yake yote. Weupe katika uti wa mgongo unaweza kupungua au kutoweka kabisa katika picha zinazopigwa miezi michache baadaye. Mgonjwa mwenyewe hupata nafuu kwa kadiri alivyowahi: aliyetibiwa ndani ya wiki au miezi michache ya dalili ana matumaini mazuri, na aliyekaa mwaka mzima akipaka dawa za kuchua anaweza kubaki na ganzi na mwendo wa kuyumba hata baada ya damu yake kujaa vitamini. Kwa sababu hiyo daktari mwenye shaka ya msingi huchukua damu ya vipimo na kuanza sindano bila kusubiri foleni ya MRI.

Lipo kosa moja linalofanywa kwa nia njema. Asidi ya foliki, ambayo ni vitamini nyingine ya kundi B, ikitolewa peke yake kwa mtu mwenye upungufu wa B12 inaweza kurekebisha damu yake. Vipimo vya damu vitaonekana vizuri, mgonjwa atapata nguvu, na wakati huohuo uharibifu wa mishipa ya fahamu utaendelea bila kizuizi. Mtu mzima anayenunua vidonge vya kuongeza damu dukani kwa miezi mingi huku miguu yake ikifa ganzi anapaswa kulieleza jambo hilo hospitalini.

Walio katika hatari zaidi ya kupungukiwa B12 ni wazee, ambao matumbo yao hupoteza taratibu uwezo wa kuitoa vitamini hiyo katika chakula. Wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama, kwa kuwa B12 ya asili hupatikana katika nyama, maini, samaki, dagaa, maziwa na mayai. Watu ambao kinga ya mwili imeshambulia ukuta wa tumbo. Na wanaotumia kwa miaka mingi dawa ya kisukari ya metformini au dawa za kupunguza asidi tumboni. Kuhusu metformini ni lazima kusisitiza kwamba haipaswi kuachwa. Kinachotakiwa ni kupimwa, kwa sababu kisukari chenyewe husababisha ganzi ya miguu, na ganzi ya B12 inaweza kujificha nyuma yake. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama mwenye upungufu mkubwa naye huathirika: hulegea, huacha kutabasamu, na picha ya ubongo wake huweza kuonesha umesinyaa. Akitibiwa mapema, ubongo huo huweza kujaa tena.

Iwapo B12 hudhuru kwa mwendo wa kinyonga, thayamini, yaani vitamini B1, hudhuru kwa kasi. Akiba yake mwilini haizidi wiki mbili hadi tatu. Seli za ubongo huihitaji ili kuigeuza sukari kuwa nguvu, na inapokosekana, sehemu za ubongo zinazotumia nguvu nyingi ndizo zinazoanza kufa. Mwaka 1881 Carl Wernicke, akiwa Berlin, aliandika habari za wagonjwa watatu waliochanganyikiwa, waliopoteza uwiano wa macho na kushindwa kutembea sawasawa, kisha wakafariki dunia. Wawili walikuwa wanaume walevi. Wa tatu alikuwa msichana aliyekunywa asidi ya salfa, tumbo lake likajeruhiwa na akawa anatapika mfululizo. Habari ya msichana huyo haina budi kukumbukwa, kwa sababu ugonjwa huu bado unachukuliwa na wengi kuwa ni wa walevi peke yao.

Ukweli ni kwamba unaweza kumpata mjamzito anayetapika kwa wiki kadhaa, mgonjwa aliyekaa muda mrefu bila kula baada ya upasuaji, na mtu yeyote aliyedhoofika sana kwa njaa. Kwa wagonjwa hawa dripu ya glukosi inayowekwa bila thayamini inaweza kuharakisha madhara, kwa kuwa inauletea ubongo sukari usioweza kuitumia na kuimaliza akiba ndogo iliyobaki. Utaratibu sahihi ni kutanguliza thayamini au kuvitoa vyote kwa pamoja. Hili halimaanishi kumnyima glukosi mtu ambaye sukari yake imeshuka. Huyo hupewa vyote viwili bila kuchelewa.

Katika MRI, ugonjwa wa Wernicke una mchoro wake. Weupe hujitokeza kwa ulinganifu kulia na kushoto katikati kabisa ya ubongo: kando ya chemba ya tatu ya maji ya ubongo, kuzunguka mfereji mwembamba unaoyapitisha maji hayo kuelekea chini, na katika vinundu viwili vidogo vilivyo kwenye kitako cha ubongo ambavyo vinahusika na kumbukumbu. Anayeuona mchoro huo akiwa na mgonjwa aliyechanganyikiwa mbele yake ana uhakika mkubwa wa ugonjwa. Lakini MRI huuonesha kwa takribani nusu tu ya wagonjwa, na CT-Scan mara nyingi haioneshi chochote. Hata zile dalili tatu za Wernicke huonekana zote pamoja kwa takribani mgonjwa mmoja kati ya sita. Asiyetibiwa kwa wakati anaweza kufariki dunia, au kuishi akiwa hawezi tena kuhifadhi kumbukumbu mpya, hali iliyoelezwa na Sergei Korsakoff wa Urusi mwaka 1887. Thayamini ya sindano ni dawa ya bei nafuu na madhara yake ni nadra. Kuisubirisha hadi picha itoke hakuna hoja ya kitabibu inayokutetea.

Chanzo cha ukosefu wa thayamini kilianza kufahamika kwa kuku. Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi aliyefanya kazi kisiwani Java mwishoni mwa karne ya 19, aligundua kuwa kuku waliolishwa mchele uliokobolewa walipooza miguu, na waliorudishiwa mchele wenye pumba walipona. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Kwa Mtanzania somo hilo liko jikoni, katika tofauti ya sembe na dona: mahindi yanapokobolewa, ganda na kiini vinavyobeba sehemu kubwa ya thayamini huenda kwa mifugo. Maharage, karanga na nafaka zisizokobolewa ni vyanzo vizuri vya vitamini hiyo.

Madhara haya si historia ya nchi za mbali. Kuanzia mwaka 1988 madaktari wa macho jijini Dar es Salaam walianza kupokea vijana waliopoteza uwezo wa kuona katikati ya upeo wa macho yote mawili, bila maumivu, na baadhi yao walikuwa na ganzi ya miguu. Miaka michache baadaye Cuba ilikumbwa na mlipuko unaofanana na huo, uliowapata zaidi ya watu 50,000 kati ya mwaka 1991 na 1993, wakati chakula kilipoadimika baada ya kuanguka kwa Umoja wa Kisovieti. Serikali ya nchi hiyo iligawa vidonge vya vitamini mbalimbali kwa wananchi wote mwaka 1993 na wagonjwa wapya wakapungua sana. Kwa wagonjwa wa Dar es Salaam lishe duni, hususan upungufu wa vitamini za kundi B, imeshukiwa, ingawa kisababishi kimoja hakijathibitishwa. Katika maradhi ya namna hii ya mshipa wa jicho, MRI kwa kawaida hurudi bila kasoro.

Baadhi ya hatua za kinga tayari zimo katika huduma ambazo wananchi huzipata, ila si kila anayezipata huelezwa sababu yake. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi hupewa piridoksini, yaani vitamini B6, kwa kuwa dawa hiyo huizuia mwilini na kuleta ganzi ya mikono na miguu. Kile kidonge kidogo cha ziada si cha kuongeza hamu ya kula, kama wengine wanavyodhani, na hakifai kuachwa. Mjamzito hupewa asidi ya foliki pamoja na madini ya chuma. Hata hivyo, mrija wa mimba unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, kabla wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito na muda mrefu kabla ya hudhurio la kwanza la kliniki. Ili kumkinga mtoto na mgongo wazi, mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku zinapaswa kuanza kutumika kabla ya mimba kutungwa.

Kwa sababu hiyo Tanzania, kupitia kanuni za mwaka 2011, iliweka utaratibu wa kuongeza virutubishi katika vyakula vinavyosindikwa viwandani. Unga wa ngano na wa mahindi huongezwa asidi ya foliki, vitamini B12, chuma na zinki. Mafuta ya kula huongezwa vitamini A. Pengo lililopo ni kwamba kaya nyingi hazinunui unga wa kiwandani. Hupeleka mahindi yao kwenye mashine ya jirani, na unga wake hutoka kama ulivyoingia. Baadhi ya mashine ndogo zimeshafungiwa vifaa vinavyopima na kuchanganya virutubishi wakati wa kusaga, na mteja anaweza kumuuliza msagishaji kama anacho kifaa hicho. Kwa unga wa dukani, asome maandishi ya mfuko. Hata hivyo, B12 iliyomo katika unga haimtoshi mtu ambaye tumbo lake limepoteza uwezo wa kuifyonza. Huyo bado anahitaji sindano yake, au vidonge vya kiwango kikubwa atakavyoandikiwa na daktari, na tarehe ya kurudi ikaandikwa kwenye kadi.